Kijiji cha Kampuni: Kilivyoanza Katika Nchi Yetu ya Chai, na Kinavyotufundisha Leo



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo sisi wa Kericho na Bomet tunaliona kila siku mpaka tumelizoea. Ukitoka Kericho mjini ukaelekea upande wa Kisumu au upande wa Sotik, unapita katikati ya majani chai, na ndani ya chai hiyo unaona safu za nyumba ndogo zinazofanana. Wengine huziita laini, wengine huita kambi. Humo mna mfereji wa maji, zahanati, nasari, shule, duka, kanisa na uwanja wa mpira. Karibu kila kitu ni cha kampuni, isipokuwa godoro, sufuria na kuku wachache.

Mtu anaweza kuzaliwa humo, akasoma humo, akaandikwa kazi, akaoa au akaolewa, akalea watoto wake mpaka akastaafu. Halafu siku ya mwisho anarudisha ufunguo. Sasa swali letu ni hili: akisharudisha ufunguo, anakwenda wapi, na ana nini mkononi?

Ili tujibu vizuri, hebu kwanza tuangalie kijiji cha namna hii kilitoka wapi.

ARDHI ILIPATIKANAJE

Kabla ya Waingereza kuja, nchi hii ilikuwa ya Wakipsigis, na mambo ya ardhi na majirani yaliamuliwa katika kokwet. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ilianza kuigawia Wazungu nchi ya juu yenye baridi na mvua nyingi. Mwaka 1905 askari wa serikali waliwashambulia watu wa upande wa Sotik, wakaua wengi na kuchukua mifugo. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwaruhusu walowezi kukodi ardhi kwa miaka 999. Hesabu wewe mwenyewe hiyo ni vizazi vingapi.

Baada ya Vita Kuu vya Kwanza, karibu ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Walikusudia kulima kitani, zao la kutengenezea nguo. Bei ya kitani ilianguka haraka, na mpango wao ukavunjika. Ndipo kampuni za chai zilipoingia katikati ya miaka ya 1920. Mbili ndizo zilizokuwa kubwa: Brooke Bond, na African Highlands Produce iliyokuwa ya James Finlay wa Scotland. Ardhi ambayo wakulima wa kitani waliishindwa ikawa mashamba ya chai.

Watu wa ukoo wa Talai, ambao serikali iliwaogopa kwa sababu ya nguvu ya viongozi wao, walihamishwa kwa sheria maalum ya mwaka 1934. Walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali penye joto, mbung'o na malaria. Walikaa huko mpaka karibu na Uhuru, na waliporudi walikuta nchi yao ina wenyewe wengine. Tunaposoma habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 21, tusidhani ni hadithi ya mbali.

Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliamua kwamba Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma za kihistoria. Madai hayo yamefika mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 yalipelekwa katika mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya.

WAFANYAKAZI WALITOKA WAPI, NA KWA NINI WALIJENGEWA

Chai haingoji. Majani yasipochunwa baada ya siku chache yanakomaa, na yakichunwa lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kampuni inahitaji watu wengi, karibu na shamba, kila siku ya mwaka. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kujenga laini.

Lakini watu hawa wangetoka wapi? Wakipsigis wengi mwanzoni hawakutaka kazi hiyo. Walikuwa na ng'ombe wao na mahindi yao. Makampuni yakaandika watu kutoka Gusii, kwa Waluo na kwa Waluhya, na baadaye Wakipsigis nao wakaingia. Serikali ilisaidia kwa njia yake. Ililazimisha watu kulipa kodi ya nyumba kwa pesa taslimu, na kuanzia mwisho wa Vita Kuu vya Kwanza mwanaume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande. Wengi walifanya kazi kwa tiketi: ukimaliza siku 30 za kazi, ndipo unalipwa. Watoto pia walichuna chai kwa wingi, hasa katika miaka ya 1930.

Ni lazima pia tukumbuke jambo moja. Mpaka miaka ya 1950, Mwafrika hakuruhusiwa kwa kawaida kupanda chai yake mwenyewe. Aliruhusiwa kuichuna tu.

WEMA WAKE NA MZIGO WAKE

Tuseme ukweli wote, tusiegemee upande mmoja. Makampuni yalijenga vitu ambavyo serikali haikuwa imejenga: hospitali, shule, maji ya mfereji, barabara. Mji wa Kericho wenyewe ulikua kwa chai. Hata ile hoteli maarufu ya Tea Hotel ilijengwa na Brooke Bond katika miaka ya 1950. Kuna madaktari, mapadre, walimu na wanariadha waliokulia katika laini. Mama aliyejifungulia katika zahanati ya kampuni bila kulipa hawezi kuambiwa kwamba hakupata kitu.

Lakini ngoja kidogo. Mtu akishika kazi yako, nyumba yako, shule ya mtoto wako na dawa yako kwa mkono mmoja, ni vigumu sana kumwambia hapana. Ukigombana na nyapara kazini, huwezi kumkimbia jioni, kwa sababu mnaishi chini ya paa la mwajiri yule yule. Ukifukuzwa kazi, siku hiyo hiyo umefukuzwa nyumbani.

Mzigo huu huwaangukia zaidi akina mama na wasichana. Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitoa taarifa ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kwamba walidhulumiwa kimapenzi na wasimamizi, katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Kiingereza. Watu wengi waliuliza, "Kwa nini hawakusema mapema?" Jibu ni hilo tulilolieleza hapo juu. Kusema kulikuwa na bei, na bei yenyewe ni kazi pamoja na nyumba.

Basi wafanyakazi walijiteteaje? Kwa kuungana. Vyama vya wafanyakazi vilianza katika mashamba ya chai kabla ya Uhuru, na mwaka 1963 viliungana kuwa chama kimoja cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo nchini. Mshahara, likizo na marupurupu yaliyopo leo hayakushuka kama mvua. Yalipatikana kwa mazungumzo, na mara nyingine kwa migomo.

Kanisa nalo halikunyamaza. Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba wafanyakazi wana haki ya kuunda vyama vyao. Alifundisha pia kwamba mshahara uwe wa kumtosha mtu na jamaa yake, na akibana matumizi aweze kuweka akiba na kupata kitu kilicho chake. Shikeni hilo neno la mwisho, tutalirudia.

WENZETU WA MAREKANI WALIPITIA HAYA

Mtu asidhani mambo haya ni ya Afrika peke yake. Katika milima ya Appalachia huko Marekani, makampuni ya makaa ya mawe yalijenga miji yao miaka ile ile chai ilipokuwa inaanza kwetu. Nyumba zilikuwa za kampuni. Kanisa na shule mara nyingi vilijengwa na kampuni. Mahali pengi mfanyakazi alilipwa kwa pesa zilizotengenezwa na kampuni yenyewe, na pesa hizo zilikubaliwa katika duka la kampuni tu. Wengi walikuwa na deni dukani kabla siku ya mshahara haijafika.

Mwezi wa Mei 1920, katika mji mdogo wa Matewan jimboni West Virginia, walinzi waliokodiwa walikuja kutoa nje familia za wachimbaji waliojiunga na chama. Vyombo vya watu vilitupwa barabarani. Jioni ile watu walipigana kwa bunduki, na 10 wakafa. Chanzo chake ni nini? Nyumba iliyofungwa pamoja na kazi.

Mji mwingine unaitwa Lynch, katika jimbo la Kentucky. Ulijengwa kuanzia mwaka 1917 na kampuni iliyo chini ya shirika kubwa la chuma. Watu walitoka Italia, Hungaria, na Wamarekani weusi walitoka majimbo ya kusini. Ulikuwa na hospitali na shule nzuri, na wakati mmoja ulikuwa na watu karibu 10,000. Baadaye mashine zikaja kuchimba makaa, zikahitaji watu wachache. Kampuni ikaanza kuuza nyumba na kupunguza huduma. Ilipofika mwaka 2010, Lynch ilikuwa na watu chini ya 1,000. Mji uliotegemea kitu kimoja na tajiri mmoja ulipungua pamoja na tajiri huyo.

HAPA KWETU MAMBO YANABADILIKA

Tukirudi nyumbani, tuangalie dalili tatu.

Ya kwanza ni usalama. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wenye silaha waliingia katika makao ya wafanyakazi wa chai hapa Kericho, wakawashambulia waliohesabiwa kuwa wageni. Watu waliuawa, wanawake walinajisiwa, mali iliporwa. Waathiriwa zaidi ya 200 walipeleka kesi London, lakini mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya huko iliamua kesi dhidi ya kampuni mama isiendelee. Walioishi laini miaka 20 walijikuta barabarani na mfuko mmoja wa nguo.

Ya pili ni mashine. Mashine za kuchuna chai zilianza kuingia mashamba makubwa katika miaka ya 2000. Chama cha wafanyakazi kilizipinga, hata kwa mgomo mwaka 2010. Mwezi wa Mei 2023 vijana waliandamana na mashine kadhaa zikachomwa moto. Hasira hiyo tunaielewa, lakini kuchoma mali ni kosa, na moto haukurudisha kazi hata moja. Mashine ni za bei rahisi kwa kampuni, na zitaendelea kuja.

Ya tatu ni kubadilika kwa wenye mali. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Mwaka 2022 Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa shirika la uwekezaji la CVC, ikaitwa Lipton. Mwaka 2023 James Finlay ilitangaza kuuza mashamba yake ya Kenya kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, na ikasemwa kwamba asilimia 15 ya hisa ingekwenda kwa jamii kupitia ushirika. Mwaka 2024 Lipton nayo ikatangaza kuiuzia Browns mashamba yake ya hapa. Oneni basi: mama mmoja anaweza kukaa katika chumba kile kile bila kuhamisha kitanda, na matajiri wakabadilika juu ya kichwa chake mara tatu. Hakuna aliyemwuliza.

NJIA NYINGINE IPO

Nje ya laini kuna historia nyingine ya chai, na hiyo inatupa moyo. Baada ya Mwafrika kuruhusiwa kupanda chai, shirika la wakulima wadogo liliundwa, na mwaka 1964 likawa KTDA. Leo tuna viwanda vya wakulima kama Litein, Momul, Tegat na Toror upande wa Kericho, na Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek upande wa Bomet. Mkulima ana matatizo yake, tunayajua: bonasi ndogo, foleni katika kituo cha kupimia, uongozi usiosikia. Lakini akizeeka, hakuna anayemwambia arudishe ufunguo. Kichaka cha chai ni chake, na nyumba ni yake.

Hatusemi kila mtu aache kazi ya kampuni kesho. La. Kazi ni kazi, na mshahara unasomesha watoto. Tunachosema ni kwamba nyumba ya kampuni ni daraja, na juu ya daraja mtu anapita, hajengi.

KIKUNDI CHENU KIFANYE NINI?

1. Tunzeni karatasi. Barua ya kuandikwa kazi, karatasi za mshahara, na taarifa ya NSSF ziwekwe pamoja mahali pakavu. Hakikisheni kila mwaka kwamba michango ya NSSF imefika kweli. Mtu akiacha kazi, adai cheti cha utumishi. Ni haki yake kisheria.

2. Jueni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mwajiri akupe nyumba inayofaa au pesa za kutosha kulipia nyumba. Inasema mshahara ni wako, na mwajiri hawezi kukulazimisha uutumie dukani kwake. Kazi ikipunguzwa, lazima notisi ya mwezi mmoja au zaidi itolewe, na mfanyakazi alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Kwa mfano, aliyefanya miaka 20 apate mshahara wa siku 300, mbali na haki zake nyingine. Mapatano ya chama yanaweza kutoa zaidi, kwa hiyo mwulizeni mwakilishi wenu.

3. Wekeni akiba pamoja. Watu 20 wakitoa shilingi 100 kila wiki, kwa wiki 52 watakuwa na shilingi 104,000. Pesa hizo zisikae chini ya godoro la mweka hazina. Ziwekwe benki au katika chama cha akiba na mikopo, na watu watatu watie sahihi. Akiba haiozi.

4. Tafuteni ardhi mapema, hata robo ekari, lakini kwa njia iliyo halali. Kabla ya kutoa pesa, pekueni rejista katika ofisi ya ardhi, pateni kibali cha bodi ya ardhi, na msikubali karatasi iliyoandikwa hotelini tu. Mume na mke waandikwe wote wawili. Tumeona wajane wengi wakifukuzwa kwa sababu jina lao halikuwemo.

5. Msitegemee zao moja. Ng'ombe wa maziwa, mboga, parachichi, nyuki na kuku vinaweza kwenda pamoja na chai. Kumbukeni Lynch.

6. Wasaidieni wanawake kusema. Kila kikundi kichague mama wawili wanaoaminika, ambao mwenzao akidhulumiwa anaweza kuwaendea bila kuogopa. Wajue njia ya kwenda hospitali kwanza, kisha polisi, na ofisi ya kazi.

7. Unganeni walio ndani na walio nje ya laini. Mwenyeji ana ardhi na hana pesa taslimu. Mfanyakazi ana mshahara na hana ardhi. Waliokaa kikundi kimoja, wakazikana na kuchangiana harusi, si rahisi wachomeane nyumba wakati wa uchaguzi.

MASWALI YA KUJADILIANA

(a) Katika kikundi chetu, ni wangapi wanaoishi katika nyumba ya mwajiri? Kazi ikiisha mwezi ujao, kila mmoja atalala wapi?

(b) Ni kitu gani tulichonacho ambacho hakuna tajiri anayeweza kutunyang'anya?

(c) Wazee wetu wanakumbuka nini juu ya ardhi hii kabla ya chai? Waiteni wawasimulie vijana, na mtu mmoja aandike.

(d) Tunaweza kuanza na hatua gani moja kabla ya mkutano ujao?

Wapendwa, makampuni yamekuja na yatakwenda, kama vile wakulima wa kitani walivyokuja wakaenda. Wanaobaki ni watu. Yeyote anayelala leo chini ya paa la kampuni aanze mwezi huu kutafuta bati la kwanza la nyumba yake mwenyewe. Mungu awabariki katika kazi zenu.